Mwaka Tulioharibu Shafti

Mwezi wa saba mwaka huu nilialikwa Mkula, nyumbani kwa Fundi Balele, kwenye ibada ya kumshukuru Mungu kwa kumfikisha miaka themanini. Nilifika saa sita mchana, vumbi la ile njia ya kutokea barabara kuu limenijaa hadi kwenye nyusi, nikamkuta ameketi sebuleni, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, wajukuu wamejazana kwenye mkeka miguuni pake. Alinitambua nikiwa bado mlangoni. "Mnamwona huyu?" akawaambia kwa sauti kubwa. "Huyu ndiye Kabula. Huyu ndiye niliyemharibia shafti." Nikamwambia, "Fundi, usiwadanganye watoto. Shafti niliiharibu mimi." Akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mnasikia? Miaka yote hii bado ananinyang'anya kosa langu." Wajukuu wakacheka kwa sababu guku, babu yao, amecheka. Mmoja wao, binti wa sekondari, akaniuliza tulipokuwa tunanawa mikono, "Sasa shangazi, ukweli ni upi?" Nikamwambia tule kwanza. Tulikula wali wa mpunga wa huko huko, kuku wa kienyeji, na maziwa mgando mazito yanayokatwa kwa kijiko. Kisha kwaya ikaimba, wageni wakasimama mmoja mmoja kusema yao, na swali la yule binti likapita bila jibu. Nimekaa nalo tangu siku hiyo. Jibu lake ni refu kidogo, na si la kutolewa mikono ikiwa na maji.

Mwaka ule wa shafti nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Bariadi ilikuwa bado makao ya wilaya tu. Mkoa wa Simiyu haujazaliwa, na maghorofa ya ofisi yaliyopo leo yalikuwa mashamba ya pamba na machunga ya ng'ombe. Nilitoka chuo cha ufundi Mwanza nikiwa na cheti cha ukerezaji, ile kazi ya kuchonga chuma kinachozunguka, na juu yake kozi fupi ya mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Kozi hiyo fupi ndiyo iliyonipa kazi. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale mjini kilikuwa kimenunua mashine ya aina hiyo, imetumika ughaibuni mpaka wenyewe wakaichoka, na ilipofika hapakuwa na mtu wa kuiwasha. Karakana nzima waliiita Kompyuta, kama vile ni jina la mtu. Ilikaa kwenye kona ya mashariki, chini ya turubai, na mafundi walikuwa wanatundika makoti yao juu yake.

Mkuu wa karakana alikuwa Injinia Kiando, mtu wa Tanga, mnene, mwenye salamu ndefu. Kiswahili chake kilitufurahisha sote, maana sisi wengine tulizungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili chetu kilikuwa cha kufikisha ujumbe basi. Yeye alikuwa anaweza kutumia dakika tano kuomba spana. Siku yangu ya kwanza aliniambia wazi, bila kunipaka mafuta, "Bibie, mwenye kiwanda amechoka kuiangalia mashine hii. Amenipa mpaka mwisho wa msimu. Isipozaa kitu, inauzwa, na mkataba wako unakwenda nayo. Sikutishi, nakupa habari tu uzilalie." Nilimshukuru. Kisha akanipeleka kwa Fundi Balele.

Fundi Balele alikuwa mkerezaji wa mashine ya kawaida, ile ya kuzungusha kwa mikono na kubadilisha gia. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, na aliheshimika hivi kwamba wenye matrekta walikuwa wanatoka Nkololo na kwingineko kumtafuta kwa jina. Nilimsalimu kwa adabu zote za nyumbani, "Wangaluka baba." Akaitikia, "Wangaluka mayu," akiniita mama, kwa upole kabisa. Lakini alipoambiwa kwamba nitafanya kazi kwenye Kompyuta na yeye anisaidie vipimo, hakuigeukia mashine hata mara moja. Alisema, "Vipimo niachie mimi. Hayo ya kwenye kioo ni yako." Nilidhani ni dharau. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu akikaa kimya unajua tayari anawaza nini juu yako.

Nilipanga chumba kwa Mama Neema, nyuma ya soko. Kilikuwa na kitanda, stuli, na dirisha dogo linalotazama uwanja wa pamba wa kiwanda, hivyo msimu ulipoanza niliamka na kuona kilima cheupe kinachokua siku hadi siku. Ukuta kati ya chumba changu na jiko haukufika kwenye bati. Nilisikia kila kitu: sufuria, kikohozi, siri za majirani. Mama Neema alikuwa anauza chakula mchana kwenye kibanda mbele ya lango la kiwanda, na jioni alipika kwa ajili yetu: ugali wa muhogo na dagaa, au mlenda, na asubuhi michembe iliyochemshwa na karanga, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mpaka leo nikivinusa naona lile jiko. Jioni moja nilimsikia akimwambia jirani yake, "Huyu binti anarudi na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Nani atamwoa?" Jirani akajibu, "Mwenye gari bovu." Nilicheka peke yangu, uso kwenye mto wasisikie.

Miezi ya kwanza nilikata hewa. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: unaandika programu, kisha unaiendesha bila chuma, unatazama kisu kinapita wapi. Injinia Kiando akapita siku moja, akasimama mikono nyuma. "Unakata nini, bibie?" "Hewa, Injinia." Akatikisa kichwa. "Hewa ya Bariadi ni ngumu hivyo? Wiki ya tatu hii." Lakini aliniacha. Nilikuwa ninajifunza kazi moja niliyoiona kuwa ndiyo ubingwa wenyewe: kukata tredi, yaani zile nyuzi za mzunguko ambazo nati hupanda juu yake. Chochote kingine kwenye mashine ya kukereza ni kupunguza chuma. Tredi ni jambo la makubaliano. Chuma kinazunguka, kisu kinatembea, na viwili hivyo lazima vikubaliane kabisa: mzunguko mmoja, hatua moja, wala si zaidi wala si pungufu. Tena tredi haikatwi kwa safari moja. Kisu kinapita mara kumi au zaidi, kila safari kinaingia ndani kidogo, na kila safari lazima kiingie pale pale kilipoingia mara ya kwanza. Kikikosea kwa unywele, jino la pili linalila la kwanza.

Kwa mkono, Fundi Balele alipata makubaliano hayo kwa gia, na kwa mtindo wake wa kuinamisha sikio karibu na chuma kama daktari. Kwenye Kompyuta hakuna gia za kubadilisha. Unaandika mstari mmoja au miwili tu: kisu kianzie wapi, jino liwe na kina gani, tredi iishie wapi, hatua ni milimita ngapi. Mashine inagawa safari yenyewe. Inaonekana rahisi, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa itakata kosa lako kwa uaminifu ule ule ambao ingekata usahihi wako. Niliharibu mabomba mengi mabovu. Mara nilianzisha kisu karibu mno na chuma, kabla hakijashika mwendo, meno ya mwanzo yakatoka yamebanana. Mara nikasahau kuweka nafasi mwishoni, ncha ikavunjika. Mwezi wa nane nilitoa bolti yangu ya kwanza iliyokubali nati. Niliizungusha kwa kidole kimoja, ikapanda mpaka mwisho bila kuyumba, nikaiweka mfukoni, na siku nzima nikawa ninaigusa.

Mwisho wa mwezi wa tisa ikakatika shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ya mashine kubwa ya kuchambua. Tulisikia mlio mmoja, kama jiwe kwenye bati, halafu kimya ambacho hakikuwahi kuwepo pale tangu msimu uanze. Ilikatika karibu na ncha, pale palipo na tredi inayobeba nati kubwa ya kubana rola. Kipuri kutoka nje kingechukua wiki nyingi. Uwanjani pamba ilikuwa imejaa, malori mengine yamepanga foleni barabarani, na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Pamba ikinyeshewa imekwisha. Wakulima walikaa kwenye kivuli cha malori yao wakitazama juu. Injinia Kiando akatuita. Stoo palikuwa na vyuma viwili tu vya unene ule. "Kabula, Kompyuta inaweza?" Nikasema inaweza. Nilisema haraka mno. Nimelijutia sana neno lile.

Fundi Balele alipima tredi ya zamani. Geji yake ilikuwa kifurushi cha majani membamba ya chuma, kila jani lina meno kama kitana, na unajaribisha jani moja baada ya jingine mpaka upate linaloketi sawasawa. Alisimama mgongo kwangu, akajaribisha, akapapasa kwa kucha, akasema, "Hatua ni milimita tatu." Nikaandika tatu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa jambo moja kwa kurudiarudia: kabla hujakata, kwaruza. Acha kisu kipite mara moja juu juu, kichore mstari tu, kisha uweke geji ulinganishe na tredi unayoifuata. Ni kazi ya dakika mbili. Sikukwaruza. Injinia alikuwa amesimama pale, mafundi wote wamesimama pale, hata wapagazi wa marobota walikuwa madirishani, na mimi nilitaka waione mashine ikianza na kumaliza bila kusita. Ilianza, ikamaliza. Safari kumi na nne, tredi inang'aa kama fedha, watu wakapiga makofi. Kisha Injinia akaleta nati. Ikapanda mzunguko wa kwanza. Ikapanda wa pili. Kwenye wa tatu ikakwama, na hata spana haikuisogeza.

Sijui kama kuna aibu kama ile ya kupigiwa makofi kwanza. Injinia Kiando hakufoka. Aliipapasa ile tredi, akanitazama, akamtazama Fundi, akasema tu, "Kesho asubuhi nipate maelezo," akatoka. Fundi Balele aliingiza geji yake mfukoni akaenda kunawa mikono. Mchana kwenye kibanda cha Mama Neema niliketi upande wa nyuma ya ukuta wa mabua, na wapagazi waliokuwa upande wa pili hawakujua nipo. "Ile kompyuta imekula chuma," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Binti atarudishwa kwao. Mzee Balele angekata kwa mkono sasa hivi tungekuwa kazini." Nilikula ugali wangu wote. Nakumbuka niliona ajabu kwamba naweza kula.

Baada ya chakula nilichukua ile nati, nikaomba geji nyingine stoo, nikaketi mlangoni penye mwanga. Jani la milimita tatu liliketi vizuri kwenye meno mawili, matatu. Mbele zaidi ukililenga jua unaona ufa wa mwanga unapenya. Nikajaribu majani ya inchi. Jani la meno manane kwa inchi likaketi lote, hakuna mwanga. Ile mashine ya kuchambua ilikuwa kuukuu, ya vipimo vya zamani vya Kiingereza, na hatua yake haikuwa tatu bali tatu na kitu kidogo. Kwa jino moja tofauti ni unene wa karatasi mbili. Kwa jino la tatu nati imekwama. Fundi Balele, aliyekuwa ameshika vyuma tangu sijazaliwa, alikuwa ameshindwa kuona ufa wa mwanga ambao mimi niliuona bila kukodoa macho. Sikuelewa. Hasira yangu ilitaka niamini kwamba alifanya makusudi.

Jioni ile, nikiwa nimejilaza, nilimsikia Mama Neema jikoni na jirani yake wakimenya muhogo. "Mzee Balele siku hizi anasalimia miti," alisema Mama Neema. Jirani akacheka. "Usicheke. Juzi kapita hapa, kasimama, kavua kofia, 'Wangaluka mayu.' Mimi niko huku ndani. Alikuwa anasalimia khanga yangu kwenye kamba. Na chai anajimiminia pembeni ya kikombe. Mimi namfuta meza sisemi kitu." Kisha jirani akasema, bila kicheko sasa, "Ana watoto watatu shuleni yule." Nikakaa kitandani. Kila kitu nilichokuwa nimekihesabu kuwa dharau kikageuka mbele yangu: mgongo alionigeuzia akipima, kioo cha Kompyuta ambacho hakukitazama hata siku moja, kucha aliyoipitisha kwenye kila kitu.

Asubuhi niliwahi. Nilimkuta peke yake, anafuta mashine yake kwa kitambaa, kazi aliyoifanya kila siku kabla ya wengine kufika. Tukasalimiana. Nikaweka jani la geji kwenye tredi ya ile bolti yangu ya kwanza, jani lisilo lake kabisa, lenye nafasi ambayo mtoto angeiona, nikainua mkononi kuelekea dirishani. "Fundi, hebu niangalizie. Unaona mwanga?" Nje wakulima walikuwa wanawasha moto wa chai. "Naona mwanga," alisema mwishowe. "Kila kitu ni mwanga, mayu. Ni kama nimefunikwa shuka jeupe usoni. Wewe hapo ulipo nakujua kwa sauti." Nikamuuliza tangu lini. "Tangu msimu uliopita." "Na ulikuwa unakataje?" "Mkono unajua. Sikio linajua. Lakini jana mkono umenidanganya, na nililijua hilo nati ilipokwama, nikanyamaza." Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Utamwambia Injinia?"

Nimewahi kuulizwa nilifikiria nini. Sikufikiria sana. Nilijua kwamba Injinia akiambiwa Fundi haoni, atamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Karakana haiwezi kumweka mtu asiyeona karibu na vyuma vinavyozunguka. Nilijua pia kwamba kama ningekwaruza, kosa lake lingegunduliwa kwa dakika mbili na chuma kisingeharibika. Hilo la pili lilikuwa langu na halikumhusu mtu mwingine. Kwa hiyo nilikwenda ofisini nikasema, "Injinia, kosa ni langu. Hatua ni ya inchi, na sikukwaruza kwanza." Akaweka kalamu chini. "Hilo nimekusikia. Hatua ilikuwa ya inchi, mmeandika ya milimita. Nani alipima?" "Tulipima." "Tulipima ni nani, bibie? Hapa kuna mtu anaitwa Tulipima?" Hapo mlango ukafunguliwa. Fundi Balele alisimama kizingitini, kofia mkononi, ameelekeza uso kwenye kabati la mafaili badala ya kwa Injinia. "Nilipima mimi," alisema. "Nilipima vibaya kwa sababu sioni. Huyu asiadhibiwe."

Injinia Kiando alitutazama kwa zamu. Kisha akafanya jambo ambalo silisahau: aliinuka na ule unene wake, akazunguka meza, akamshika Fundi mkono akamwongoza mpaka kwenye kiti. "Alaa, Fundi Balele. Tangu lini?" "Mwaka na kidogo." "Na vidole vyote kumi bado unavyo?" "Ninavyo." "Mshukuru Mola wako." Akarudi kukaa, akashusha pumzi. "Haya. Nina watu wawili na kosa moja, na chuma kimebaki kimoja. Hicho kikiharibika sitatafuta mwenye kosa, nitatafuta gari la kunirudisha Tanga. Nawataka wote wawili kwenye mashine moja. Fundi, huna ruhusa ya kugusa kinachozunguka. Kabula, huna ruhusa ya kubonyeza kitu kabla yeye hajasema sawa."

Siku hiyo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha maisha yangu yote ya kazi, na ilianza kwa ubishi. Nilitaka kutumia ncha ile ile ya kisu. Fundi akakataa: tredi ya zamani ya inchi ina jino jembamba kidogo kuliko la milimita, na ncha lazima inolewe kwa umbo lake. Alikuwa na kipande cha bati alichokikata ujanani kama kipimo. Mimi nilinoa kwenye jiwe la umeme, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akisikiliza. "Unaegemea kulia. Inua mkono." Nikanoa, nikapachika ncha kwenye bati, nikatazama. "Naona mwanga upande wa kushoto." "Mwingi?" "Unywele." "Ondoa unywele." Mara ya saba hapakuwa na mwanga popote. Nikampa ashike. Akapitisha kucha, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hii ningeinoa mimi mwenyewe."

Tulikata kwanza majaribio kwenye upande mzima wa shafti niliyoiharibu. Nilikwaruza. Geji ikaketi, hakuna mwanga, nikaruhusu safari ziendelee. Kwenye safari ya tatu Fundi akainua mkono. "Simamisha." Nikasimamisha, nikaudhika, kwa sababu kwenye kioo kila kitu kilikuwa sawa. "Mbona inabadilisha mwendo?" aliuliza. "Kisu kikitoka nje inapunguza, kikiingia inaongeza. Sikiliza." Nikaendesha tena, na kweli, nikasikia, kidogo sana, kama mtu anayepumua. Nilikuwa nimenakili mistari ya mwanzo kutoka programu nyingine ya kulainisha chuma, na humo mlikuwa na amri inayoifanya mashine iongeze mzunguko kila kisu kinapokaribia katikati. Kwa kulainisha ni nzuri. Kwa tredi ni sumu, maana makubaliano yanavunjika: kisu kinaingia pale pale lakini chuma hakipo pale pale. Nikatazama meno, yalikuwa yameanza kuchanika pembeni. Nikafuta amri ile, nikaandika mzunguko usiobadilika. Safari hii mlio ulikuwa mmoja mwanzo hadi mwisho, na Fundi Balele alikuwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma kama alivyoamriwa, midomo inahesabu. Nati ikapanda yote.

Ndipo tukapachika chuma cha mwisho. Hapakuwa na watazamaji. Injinia alikuwa amewafukuza wote, yeye mwenyewe akaenda kusimama nje na wakulima. Ilituchukua mpaka saa tisa alasiri. Kabla ya kila hatua niliuliza, "Sawa?" naye akasema, "Sawa." Safari ya mwisho ikaisha. Nilipangusa yale maji meupe ya kupozea, nikashika nati kwa mikono miwili kwa kuwa ilikuwa nzito, nikaizungusha. Moja. Mbili. Ya tatu nilifumba macho. Ya nne, ya tano, na ikaenda mpaka begani kwa shafti, pale inapoanza kunenepa, ikagusa, ikatulia. Nilimwambia Fundi imefika. Akasema, "Nimesikia." Jioni ile mashine ya kuchambua ikaunguruma, na mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, siku nne baadaye, ilikuta uwanja umefagiliwa, marobota yako ghalani.

Niseme na habari za macho. Injinia Kiando hakumrudisha mtu nyumbani. Alimwambia mwenye kiwanda kwamba Fundi anaumwa na anahitaji likizo, jambo ambalo lilikuwa kweli, akamwandikia barua kwenda hospitali Mwanza. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na madaktari waliuondoa ule utando, jicho moja kwanza, la pili wiki kadhaa baadaye. Mimi nilibaki na mashine zote mbili, na Kompyuta haikuuzwa. Leo nina karakana yangu mwenyewe kwenye barabara ya Lamadi, na vijana wangu wananicheka kwamba mashine ikikata tredi mama anaacha simu, anaacha mteja, anakwenda kuinamisha sikio. Nawaambia kioo kinaonyesha ulichoandika, mlio unaonyesha kinachotokea. Wanaitikia kwa heshima kisha wanaendelea kutazama kioo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Fundi Balele alirudi kazini mwezi wa pili, mahindi yakiwa marefu. Aliingia karakana asubuhi, akasimama katikati, akatazama dari, dirisha, mashine yake, kisha mimi. Alinitazama mpaka nikaona haya. "Kumbe una mwanya," alisema. Nikacheka, akasema, "Na kumbe u mdogo hivi! Kwa sauti yako nilidhani ni mtu mzima." Halafu akafanya nisichokitegemea. Alivuta stuli, akaketi mbele ya Kompyuta, akasogeza uso mpaka karibu na kioo, akaanza kusoma kilichoandikwa pale, herufi kwa herufi, namba kwa namba, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri sana. "Hii G ni ya nini?" Nikamweleza kwamba ndiyo inayotangulia amri. "Na hii?" Nikamweleza. Wiki sita aliuliza. Alinunua daftari la shule la mistari mipana, akawa ananakili, mwandiko mkubwa wa kulala upande.

Ijumaa moja, saa sita kasoro, aliniambia nitoke nje. "Nenda kwa Mama Neema ukaagize chakula. Kuna kitu nataka kukosea peke yangu." Nilitoka lakini sikufika mbali. Nilisimama nyuma ya ukuta, kwenye kivuli chembamba cha bati, nikasikia akibonyeza vitufe kimoja kimoja, taratibu, anarudi nyuma, anafuta, anabonyeza tena. Mashine ikaamka. Safari moja juu juu, kisha kimya kirefu. Alikuwa analinganisha geji. Kisha zikafuata zingine, ya pili, ya tatu, mlio mmoja ulionyooka. Nilihesabu kumi na mbili. Ilipozima nikasikia nati ikipanda kwenye chuma, ule mkwaruzo mwepesi wa vitu viwili vilivyoelewana, na Fundi Balele, akidhani hakuna mtu, akicheka kwa sauti.